Muhogo wa Siku Mbili

Kiangazi kile chuo kilikuwa kimefungwa, nami nikarudi nyumbani, kijijini kwetu karibu na Rungwe Mpya. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimemchosha mama kwa maswali. Kwa nini mgagani uchemshwe na kumwagwa maji mara mbili? Kwa nini mpishi ale tonge la kwanza mbele ya mgeni?

Hili la mwisho alinijibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Ili mgeni ajue chakula hakina kitu. Ulitaka mpishi amwandikie barua?"

Nikamwambia kuonja hakuthibitishi chochote. Mpishi mwenye nia mbaya anaweza kutia sumu upande mmoja wa sahani, akaonja upande mwingine.

"Basi wewe ndiwe wa kuogopwa," alisema mama. "Sisi tusiosoma hatujawahi kuwaza hilo."

Muhogo wetu ni mchungu. Unamenywa, unalowekwa siku nne kwenye mashimo ya maji kule bondeni, mpaka ukiubonyeza kwa kidole gumba unabonyea wote. Kisha unaanikwa juu ya mwamba mpaka ukauke, na hapo ndipo tunauita udaga. Udaga ndio unaotwangwa tukapata unga wa ugali. Niliuliza kwa nini siku nne, si mbili. Mama alisema ndivyo ilivyo. Jibu hilo halikunitosha.

Mwaka ule mama alikuwa na msaidizi, mwanamke mjane kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila. Alimenya, alitwanga, alipika, na ujira wake ulikuwa udaga, ambao aliubeba kichwani kuwapelekea watoto wake wawili aliowaacha kambini kwa dada yake. Kirundi chake na Kiha chetu ni ndugu, hivyo yeye na mama walizungumza kutwa nzima kama watu waliokua pamoja. Nilipoingia jikoni walinyamaza. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa sikupata sababu ya kumshuku, nilimshuku zaidi.

Kisha pale kijijini yakaanza maneno kwamba mihogo inaibwa bondeni. Kila mtu alijua wezi ni watu wa kambini, na hakuna aliyekuwa amemwona hata mmoja. Mimi nilijiona tofauti na wote kwa sababu nilitaka ushahidi. Mama alipokwenda Kasulu mjini kumwuguza dada yake, nililoweka mihogo mwenyewe, nikachomeka kijiti pembeni mwa shimo, usawa wa juu wa lundo. Siku ya pili asubuhi lundo lilikuwa limeshuka karibu shubiri nzima chini ya kijiti.

Nikasema, huo hapo ushahidi. Nikaitoa mihogo yote, nikaipandisha mwambani, nikaichanganya na ile ya mama iliyokuwa imekaribia kukauka. Afadhali ikae mahali ninapoiona.

Ilipokauka, yule mama wa Mtabila alikuja kuikusanya. Alivunja kipande kimoja, akakitazama.

"Iki kina moyo mgumu," alisema. "Imelala majini siku ngapi?"

"Nne," nikamjibu.

"Nne?"

"Nne. Kwani wewe ndiwe wa kuniuliza?"

"Ego," alisema, maana yake ndiyo, ila alivyolisema halikuwa na ndiyo ndani yake.

Nilikwenda chini ya kivuli nikajifanya nasoma. Nilimwona akivunja vipande kimoja kimoja. Vingine alivitia kwenye gunia, vingine akaviweka kando juu ya jani la mgomba. Lundo la kando likakua. Nikajua anajichagulia mzigo wake. Alipokwenda kuchota maji, nikavikumba vile vipande vya kando, nikavirudisha guniani, nikalitikisa. Aliporudi alilitazama jani tupu, akanitazama mimi, akajitwika gunia bila neno. Nikaona nimemshinda.

Mama alirudi, na siku iliyofuata akaja baba mdogo, ametembea tangu alfajiri na njaa yake. Yule mama alisonga ugali wa udaga wa gunia lile, akapika samaki wa migebuka kwa mawese. Akamega tonge la kwanza, akala mbele yake kama ilivyo desturi. Baba mdogo alikula ugali ule akaumaliza karibu peke yake. Mama alikula kidogo. Mimi nilikula ndizi za kuchemsha, kwa sababu nilikuwa nimesusia desturi ya kuonja na kila kilichoonjwa.

Haukupita muda mrefu baba mdogo akashika kichwa. Alisema nyumba inazunguka. Akatapika mpaka akawa anatapika maji tu. Mama naye alilala na kichwa kinachomgonga.

Majirani walijaa uani. Mmoja akasema yule mama alionja, sote tunajua alionja. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu wa chuo kikuu.

"Kuonja alionja," nikasema. "Lakini nani alimwona akimeza?"

 Kabla ya adhuhuri ya kesho yake maneno yale yalikuwa yamezunguka kijiji kizima, na hayakuwa yangu tena. Mwenyekiti wa kitongoji akaja kusema kwamba jioni ile atamrudisha kambini mwenyewe na kueleza kosa lake, asipewe tena ruhusa ya kutoka. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, mikono mapajani. Alisema tu, "Na udaga wa watoto?"

Nilikwenda stoo kutafuta sumu. Nilitaka kuipata, nimwonyeshe kila mtu jinsi mtu aliyesoma anavyochunguza. Nikafungua gunia, nikavunja kipande. Kilipondeka kama chaki. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilikataa. Nilikipiga kwenye jiwe, na katikati kilikuwa kigumu kama mfupa. Nikakitafuna. Uchungu ulinishika ulimi mpaka kooni; sumu ilikuwa ya muhogo wenyewe.

Nilikumbuka jani la mgomba. Nikakumbuka kijiti pia, na nikaelewa kwamba muhogo ukianza kulainika hulala, lundo likashuka lenyewe, bila mkono wa mtu.

Nilisimama mle stoo muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Kisha nikatoka na vipande viwili mkononi, nikawaambia mama na mwenyekiti yote: kijiti, siku mbili, uongo wa siku nne, na vile vipande nilivyovirudisha guniani.

Mwenyekiti alicheka. "Huyu amekupa nini, kijana? Jana ulisema hakumeza."

"Jana nilikuwa mjinga."

"Na leo umeponaje?"

Mama alininyang'anya kipande kimoja, akakitafuna, akatema mbali. Akampa mwenyekiti kile kingine. "Onja."

Mwenyekiti alikigeuzageuza. "Mimi nimeshakula, mama."

"Umekula nini saa hizi? Onja."

Alionja. Alitema mara tatu, akafuta mdomo kwa mkono, akasema ana shughuli huko ng'ambo ya mto. Habari ya kambini hakuitaja tena.

Nilimwuliza yule mama kwa nini hakusema kitu. Alinijibu kwa upole, jambo lililoniuma zaidi. "Ningesema mtoto wa nyumba ameharibu muhogo, nani angeniamini? Wewe?"

Siku ya tatu baba mdogo aliinuka akakaa, akaomba ugali. Mama alitumia unga wa jirani, na baba mdogo akataka asonge yuleyule wa Mtabila. Ulipotengwa, yule mama alinyoosha mkono kumega tonge la kwanza. Baba mdogo akamzuia.

"Oya, hapana mama, wewe pumzika. Aonje msomi."

Nilimega. Wote walinitazama: baba mdogo, mama, na majirani wawili waliokuja kumjulia hali. Nililitafuna lile tonge polepole, nikitafuta uchungu ambao haukuwamo, nikalimeza.

"Amemeza?" baba mdogo aliuliza.

"Nani alimwona?" mama akajibu. "Fungua kinywa, mwanangu."

Nikafungua. Yule mama alijivuta mbele kwenye mkeka, akainama, akachungulia mdomoni mwangu bila haraka, kila upande.