Turubai la Makambi

Miaka miwili mfululizo mama hakwenda makambini. Kila Agosti waumini wa kanisa lake walihama nyumba zao kwa juma zima, wakajenga vibanda uwanjani, wakaimba na kusikiliza mahubiri tangu alfajiri hadi jioni. Mara ya mwisho alipokwenda, mvua ilipita kwenye kibanda cha majani ya migomba, naye akalala siku mbili juu ya ardhi iliyolowa. Alirudi nyumbani na nimonia, akalazwa hospitalini mpaka tukaanza kusemezana kwa sauti za chini. Alipopona, baba alitoa uamuzi wake, na baba hakuwa mtu wa kurudia jambo: "Ukipata pakavu pa kulala, nenda. Usipopata, utaimba ukiwa hapahapa."

Milima ya Nyamira mwezi wa Agosti haina pakavu. Mvua hunyesha mchana kana kwamba imeajiriwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, nikiwa na vitabu viwili vya falsafa, shaka juu ya kila kitu alichoamini mama, na kitanda cha wavu. Kitanda hicho nilikinunua kwa mwanafunzi mwenzangu wa chama cha wapanda milima. Unafunga ncha moja kwenye mti huu na nyingine kwenye mti ule, unajilaza katikati, na ardhi haikugusi. Bibi yangu, mama yake baba, aliponiona nimelala ndani yake kati ya mikaratusi miwili, aliweka chini mzigo wake wa kuni apate kucheka vizuri.

"Mume wangu," aliniita, maana bibi wa kwetu humwita mjukuu mume, "nilisikia umekwenda kusoma. Kumbe ulikwenda kuvuliwa?"

"Hiki ni kitanda, bibi."

"Ni wavu, na wewe ni samaki. Usiku paka atakuja."

Lakini mimi, nikiwa nimening'inia pale, nilikuwa nikimfikiria mama. Kama ardhi ndiyo iliyompa nimonia, basi tumwondoe ardhini. Hoja ilinyooka kama nilivyofundishwa kunyoosha hoja. Kilichobaki kilikuwa paa tu. Jioni nikamwambia mama, mbele ya baba, kwamba mwaka huu atakwenda makambini na atalala pakavu. Mama aliendelea kuchambua maharagwe, lakini niliona mikono yake imeongeza kasi.

Sijui kwa nini nilijitwika ahadi hiyo. Siku zile sikusali tena, na mama alijua. Hatukuwa tumelizungumza. Alikuwa amechuma chai kwenye mvua miaka yote ya masomo yangu, karatasi ya nailoni imefungwa kiunoni, ili mwanawe apelekwe mahali ambapo angejifunza kutosali. Pengine nilitaka kumrudishia kitu.

Nilianza na nailoni hiyohiyo ya wachuma chai, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilipatikana dukani. Niliitandaza juu ya kamba, nikalala chini yake alasiri moja. Upepo uliipigapiga kama bata aliyeshikwa, na hata kabla mvua haijaanza nilihisi matone usoni. Pumzi yangu mwenyewe ilikuwa imegeuka matone ndani yake na kunirudia. Kufikia jioni ilikuwa imechanika kwenye pembe mbili. Nailoni ingefaa kwa mtu asiye na kifua kibovu.

Kesho yake nikateremka mjini Kisii. Karibu na kituo cha mabasi alikuwepo mzee mmoja kutoka kandoni mwa ziwa, aliyeshona maturubai ya malori. Aliketi juu ya rundo la turubai kuukuu, sindano nene kama msumari mkononi, uzi wake akiupitisha kwenye kipande cha nta kila baada ya mishono michache. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, kila mmoja akiacha lugha ya mama yake pembeni.

"Lori lako liko wapi?" akaniuliza.

"Sina lori. Nataka kumfunika mtu mmoja."

"Hai au maiti?"

"Hai, mzee. Mama yangu."

Hapo aliacha kushona. Nilimweleza habari za makambi, kitanda cha wavu na nimonia. Turubai jipya hata sikuuliza bei yake. Alinivutia moja lililochoka, limetoka kwenye lori la ndizi, na mimi, mtu wa kuhoji, nikalihoji. Nililiinua juu nikalitazama dhidi ya jua. Nikaona vitundu vinang'aa kama nyota.

"Hilo ni chujio," nikasema.

"Unatazama ukingoni. Turubai hufia pembeni, kwenye kamba na vyuma. Njoo katikati."

Alikunjua katikati, na kweli, dhidi ya jua hakukuwa na nyota hata moja. Nikanusa kama kuna ukungu. Nikaomba maji, nikayamwaga juu yake, nikangoja huku nikichungulia chini. Yakakaa juu kama shanga. Mzee akatikisa kichwa.

"Wewe ukienda kuoa, msichana atakimbia."

Kutoka hapo katikati angeweza kunikatia kipande cha mraba tu, kisichozidi sana kimo changu. Nikajilaza chini pale sokoni, juu ya vumbi na maganda ya miwa, nijipime. Watu wakasimama. Mwanamke mmoja akauliza kama nimepatwa na kifafa. Kipande kilinifikia utosini na miguuni, basi. Mvua ya upepo ingenilowesha ncha zote mbili. Nikainuka nikiwa nimekata tamaa. Mzee akakishika kile kipande kwenye pembe moja, akaniambia nishike pembe iliyo mkabala nayo, tukakivuta kama leso inayokunjwa pembe kwa pembe. Sasa kilinipita kwa mkono mzima kila upande.

"Watu wananunua kubwa kwa sababu hawajui kugeuza dogo," akasema.

Akanishonea pete za shaba kwenye pembe nne, akatia nta kwenye mishono. Kisha akanipa masharti matatu. Usiligandamize turubai kwa ndani wakati wa mvua, maana pale kidole kinapogusa ndipo maji hupita. Funga kitambaa kwenye kamba ya kitanda kabla haijaingia chini ya paa, ili maji yanayotambaa kwenye kamba yadondokee hapo badala ya kufika kwa mlalaji. Na kamba ya katani usiikaze mpaka ilie. Iachie ulegevu kidogo. La tatu lilinishangaza. Kamba iliyolegea ni kamba mbovu, niliona mwenyewe, na sikumwuliza sababu kwa kuwa nilishaamua amekosea.

Nyumbani nikafunga kati ya mikaratusi yangu. Nikakaza kamba mpaka zikalia. Turubai lilinyooka zuri ajabu. Mvua ikaja saa nane, katani ikanywa maji, ikajikunyata, na baada ya muda nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa na fundi. Pete moja ya shaba ikaruka kwenye majani ya chai.

Bibi alikuwa ameketi ukumbini akitazama.

"Kwani hujawahi kufunga mbuzi kwenye mvua?" akaniita. "Kamba ikilowa hujikaza yenyewe. Ukimfunga bila nafasi, asubuhi unakuta maiti."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Wewe huuliza vitabu."

Nilitafuta ile pete kwa magoti, nikairudisha kwa sindano na uzi wa gunia, nikafunga upya kwa ulegevu wa vidole viwili. Mvua iliyofuata ilizikaza kamba hadi zikawa sawasawa, kama nilivyotaka tangu mwanzo. Kitambaa kikadondosha maji mahali pake. Nililala ndani ya wavu saa nzima huku dunia ikizama pande zote, na nilipotoka shati langu lilikuwa kavu. Nikakimbia kumwita mama. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyethibitisha jambo.

Mama alikuja akiwa amejifunika gunia kichwani. Alisimama hatua kumi kutoka kwenye turubai, akatazama, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Hapo ndipo nitakapolala?"

"Ndipo. Panda ujaribu. Nitakushikia."

Akarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

"Wewe umelala humo?"

"Wiki nzima. Ni salama kabisa, mama."

"Kwa hiyo unataka nilale kwenye kitanda cha mwanangu," akasema taratibu, "alichokitandika mwenyewe, na anikamate mkono kunipandisha."

Nilielewa papo hapo, na niliona aibu kwamba nilihitaji kuambiwa. Kwetu kuna heshima iitwayo chinsoni. Kijana akishatahiriwa haingii tena mahali mama yake anapolala. Hagusi kitanda cha mama, wala mama hagusi cha mwanawe. Nililijua hilo tangu utotoni kama ninavyojua kwamba moto huunguza. Miaka miwili ya chuo ilikuwa imenitosha kulisahau.

Hata hivyo nikabishana. Ndivyo nilivyokuwa. Nikasema huu si chumba, ni kitambaa. Nikasema wavu hauna ukoo. Nikauliza ni nani aliyeweka sheria hii, na kama alikuwa na kifua kibovu.

"Swali lako sina jibu lake," mama akasema. "Lakini nikilala humo sitapata usingizi, hata pakiwa pakavu kama jikoni. Nitakwenda makambini kumwomba Mungu nini, nikiwa na aibu?"

Akageuka aende. Akiwa njiani alikohoa, mara moja tu, na kikohozi kile kilinichoma kuliko maneno yake.

Nilimfuata bibi ukumbini nikiwa na hasira, nikamwambia mila hii itatuulia mama.

"Umeambiwa usiguse kitanda. Umeambiwa usiseme?"

"Niseme nini?"

"Mvulana anapojenga nyumba ya mama yake, si anaezeka paa? Kuezeka ni kwako. Kitanda ni chake. Mwache akifunge mwenyewe. Hajui mafundo, mfundishe. Mdomo haujatahiriwa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama alitwaa magunia mawili mapya, akayashona pamoja kwa mkono wake, akapitisha kamba kwenye kingo zake. Mimi niliezeka turubai, nikasogea kando, nikaketi juu ya kisiki nikiwa nimeligeuzia mgongo, nikitazama mashamba ya chai yakiteremka bondeni. Kutoka huko nikafundisha. Bibi alisimama katikati akiwa macho yangu.

"Zungusha kamba kwenye mti mara mbili," nikasema.

"Amezungusha tatu," bibi akasema.

"Mbili!"

"Tatu ni nzuri," mama akasema nyuma yangu. "Mti huu unateleza."

"Sasa pitisha ncha chini ya ile ya kwanza, kunja kitanzi, ukiingize."

"Kitanzi kikubwa kiasi gani?"

"Kama mdomo wa kikombe."

"Kikombe chetu au cha wageni?" akauliza bibi, na nikamsikia mama akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipotoka hospitalini.

Mara ya kwanza kitanda kiliporomoka. Nilisikia kishindo cha jiwe walilokuwa wameliweka badala ya mtu. Nusura nigeuke, bibi akanipigia kelele, nikarudisha macho kwenye chai. Mara ya pili kikashuka polepole. Mara ya tatu kikatulia. Nililijua hilo kwa sababu kimya kilikuwa kirefu, kisha mama akasema, kutoka mahali palipoinuka kidogo kuliko kawaida yake, "Kumbe mtu anaona mbingu hivi."

Nilitaka kumwambia kwamba anaona turubai la lori la ndizi. Nikaendelea kutazama chai.

Baba alikuja kukagua. Alitazama paa, hakutazama kitanda. Akavuta kamba moja kwa kidole, akasema imelegea. Mama akamjibu kabla yangu: "Iache. Ikilowa itajikaza."

Nilikwenda makambini kama mpagazi, nimebeba turubai kichwani. Katika ukingo wa uwanja palikuwa na mikaratusi, nikaezeka, nikaondoka. Mama na jirani yake wakafunga kitanda peke yao. Wanawake wengine walikuja kukitazama wakamwita mama malkia, na mmoja akamwuliza kama akifa humo atazikwa au ataanikwa. Mimi nilifunga wavu wangu mbali, upande wa wanaume, chini ya ile nailoni iliyoshonwashonwa.

Mvua ya siku ya pili ndiyo niliyokuwa nikiiogopa. Ilianza katikati ya wimbo, ikanyesha jioni yote, na ilikuwa bado inanyesha nilipopitiwa na usingizi huku maji yakinichuruzika magotini. Alfajiri vibanda kadhaa vilikuwa vimelala chini. Watu walikuwa wakikamua blanketi. Nilipita kati yao haraka, bila viatu, nikasimama hatua kumi kutoka kwenye turubai, nikageuza uso pembeni.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu."

"Kifua?"

"Kipo."

"Umelowa?"

"Nimekuambia salama."

"Blanketi je? Na miguuni? Upepo ulikuwa unatoka chini, kwa hiyo..."

Nikasikia akipumua, pumzi ndefu isiyo na mkwaruzo. Kisha mkono wake ukatokeza chini ya ukingo wa turubai, umeshika kiberiti alichokiweka chini ya kichwa usiku kucha. Jirani yake akakipokea, akaniletea.

"Huyu haamini mpaka ajaribu," mama akasema ndani. "Jaribu basi, halafu utuwashie moto wa uji."

Nikatoa njiti moja, nikaikwaruza. Iliwaka mara ya kwanza.