Bisibisi Ndefu ya Sikio

Kwenye gereji yetu, injini iliyofunguliwa na kufungwa upya hairudi ndani ya gari kabla fundi wetu Sikio hajaisikiliza. Hupandishwa juu ya fremu ya chuma uani, ikapewa betri, rejeta ya kuazima ya kuipoza na galoni la mafuta lililotundikwa ukutani. Ikishawaka, Sikio huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku, mwili wa injini, mpini sikioni, akafumba macho. Sisi wengine hunyamaza kama tuko msibani.

Jina hilo alipewa na wateja. Wapo waliotoka mbali, wakapita gereji nyingine njiani, kwa sababu ya sikio lile.

Siku ya injini ya gari la maziwa, ilitoa moshi kidogo, kisha ikatulia. Sikio alisikiliza juu, ubavuni, chini, huku akipandisha na kushusha mwendo, maana injini mpya ikiachwa ingurume polepole tu, ringi za pistoni hazikai vizuri kwenye silinda.

"Inanong'ona," alisema. "Mpigieni mwenye gari."

Bonge, kaka wa mkewe na mwenzake kazini, hakuondoka. "Shemeji, sikiliza tena. Huku chini inagonga."

"Linalogonga ni tumbo lako. Hujala?"

Tulicheka. Bonge naye akacheka, akajibu bila kufikiri: "Haya, sikio la kufa halisikii dawa."

Kicheko kikakatika. Kila mmoja wetu alikuwa ameshaona: mteja akimwita Sikio mara mbili, simu ikilia mfukoni mwake hadi inakata. Nyumbani, mkewe alikuwa ameacha kumwita kutoka jikoni. Alikuwa akienda kumgusa bega.

Sikio alizima injini. Alijilaza chini mwenyewe, akafungua boliti ya oili, akaiacha oili ipite kwenye kitambaa cheupe. Oili ya kwanza haikosi vumbi la chuma. Hii ilibakiza chembe nene, zinazong'aa. Bearingi ilikuwa inaliwa.

Alikikunja kitambaa, akamgeukia Bonge.

"Tangu lini unajua?"

"Shemeji, nisamehe ule utani."

"Sikuulizi utani."

Bonge aliinama. "Dada aliniambia. Alikuwa analia."

Injini ilifunguliwa tena, bearingi zikabadilishwa. Ilipowashwa mara ya pili, wote tulikuwa tunamtazama Sikio. Aliichukua bisibisi yake, akaufuta mpini taratibu, akampa Bonge. Yeye mwenyewe akaweka kiganja juu ya bloku, akafumba macho kama siku zote.

Bonge alisikiliza juu, ubavuni, chini.

"Inasemaje?" Sikio aliuliza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Iko sawa, shemeji."

Sikio aliendelea kungoja, macho yamefumbwa. Ndipo Bonge alipokumbuka. Akamgusa bega, na Sikio alipofumbua macho, akamwitikia kwa kichwa.