Salome Anapiga Mpira kama Anapura Ulezi

"Mama Salome, mwanao anapura nini uani, na ulezi tulishamaliza?" jirani yangu Rozina aliniuliza.

Nikamjibu ni besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Kesho yake mwalimu angechagua timu ya mkoa, na Salome alikuwa hatulii. Hata rozari aliisali akizunguka uani. Tangu utoto amepura ulezi, basi gongo lilishuka toka juu kama fimbo ya kupuria, kiuno kimekakamaa. Mwalimu alishamwambia nguvu hutoka kiunoni: geuka kwanza, mikono itafuata.

"Basi mlete kwangu, maharage yangu bado!" Rozina akacheka.

Salome hakucheka. Alinijia akihema.

"Mama, nishikilie mikono isinyanyuke, nizoee kuzungusha kiuno."