Waliobaki Nyuma ya Pazia

Ukitaka kugombana na mzee Wilondja, mtajie choo. Tangu afike Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kila mara magari meupe ya mashirika yalipoingia kambini, walimtafuta yeye. Papa Directeur, tutengenezee kamchezo ka kunawa mikono. Papa Directeur, tufanyie ka neti ya mbu. Kipindupindu kikitokea, Wilondja. Shimo la choo likijaa, Wilondja. Mwaka mmoja alimvalisha mtu mzima, baba wa watoto, mabawa ya karatasi ili awe mbu, na wageni wakacheka mpaka wakafuta machozi, wakapiga picha, wakaondoka. Malipo yake yalikuwa soda ya moto na kipande cha sabuni.

Sasa niambieni. Mtu aliyejaza ukumbi wa parokia kule Uvira, mashariki mwa Kongo, kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu ambaye Warundi walivuka mpaka kuja kutazama michezo yake na bado wakakosa pa kukaa, huyo ndiye wa kuvalishia watu mabawa ya mbu? Na tena ashukuru?

Alizaliwa Fizi, akaja Uvira kijana, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi chaki, jioni mchezo. Sura ya jukwaani hakuwa nayo, na akiimba kuku walikimbia. Alichokuwa nacho ni jicho, na ukali. Ukichelewa mazoezi, ulikuta nafasi yako ina mwingine na wewe unaelekezwa mlango. Watu walimwogopa na walimpenda, na jina la Papa Directeur, yaani mwongozaji wa michezo, lilimfuata mpaka uzeeni. Mke wake alikufa kwa maradhi mapema, akabaki na mtoto mmoja, Junior, fundi wa redio, kijana mcheshi ambaye alipenda kuzozana na redio zenyewe akizitengeneza, kana kwamba zinamsikia.

Vita ya pili ya Kongo ilipofika, wenye bunduki waliingia mtaani kwao asubuhi, watu wakiwa kwenye kazi zao. Wilondja alikuwa shuleni. Aliporudi, mtaa haukuwapo. Hakupewa hata nafasi ya kumzika Junior. Alivuka ziwa na waliosalia, akakaa Kigoma kidogo, akateremka mpaka Malawi na viatu viwili visivyofanana. Miaka ikapita, na katika miaka hiyo yote hakuna hata bwana mmoja wa shirika aliyemwuliza: mzee, wewe mwenyewe ungependa kucheza nini?

Basi siku moja akakataa. Bwana wa usafi wa shirika moja alikuja na karatasi yake ya mikono na sabuni, Wilondja akamwambia, “Hapana. Sasa mi nafanya mchezo yangu.” Yule bwana akadhani ni utani. Haukuwa utani.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Hakuna bunduki, hakuna damu, hakuna kulia. Pazia likifunguliwa, jukwaa ni tupu. Anatoka mtu mmoja wa mtaa ule, anafanya kazi aliyokuwa akiifanya asubuhi ile, anasema jina lake na nyumba yao, kisha anakwenda nyuma na kukaa chini. Anatoka wa pili. Mmoja anatwanga, mwingine ananyoa mteja, mwingine anamtafuta mbuzi. Wanatoka mmoja mmoja mpaka jukwaa linajaa, mtaa mzima umekaa, na wote kwa pamoja wanainua macho na kuwatazama watazamaji, kimya. Basi. Ndio mwisho. Alikuwa ameuweka kichwani tangu Kigoma, na alikuwa na sharti moja: hakuna mtu kuigiza marehemu wake. Wa kwako ataigizwa na mwenzako.

Kwanza ulikuwa mchezo wa saa moja. Mazoezi yalifanyika nje, kwenye uwanja wa kanisa, na uwanja wa Dzaleka hauna siri. Akina mama wakasimama kutazama. Siku iliyofuata mmoja akaja. “Papa Junior, na mi niko na wangu.” Wilondja akamtia marehemu wa mama huyo mchezoni. Akaja mwingine, na mwingine tena, wa Uvira, wa Fizi, hata jamaa Waislamu wa Kindu wakaleta wao, na mtaa wa kwenye mchezo ukawa si tena mtaa wa Wilondja peke yake. Akaja pia Antoinette, mama mmoja mtulivu aliyelima bustani ya mboga karibu na kisima. Marehemu binti yake Aline alikuwa akiuza mandazi. Antoinette hakuleta jina tu, alikuja kila siku kumfundisha Solange, mshonaji aliyepewa nafasi ya Aline, namna ya kushika beseni na namna ya kumjibu mteja anayebonyeza mandazi bila kununua. “Hapana, we unamujibu muzuri sana,” alimwambia. “Aline hakukuwa na adabu na batu ba vile.” Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka, wa kwanza.

Mchezo ukawa wa saa mbili, ukawa wa saa tatu, ukaelekea nne. Solange alikuwa mtu wa kusema wazi. Alimwambia, “Papa Directeur, hakuna mutu atakaa chini saa zote izo. Ukate.”

“Nikate nani?” Wilondja akamwuliza. “Unionyeshe ule nitakata.”

Solange akaangalia akina mama waliosimama kwenye ukuta wa kanisa, akarudi kushika beseni lake. Na hapo nataka mnielewe: mtu aliyekuwa akimfukuza mchezaji kwa kuchelewa dakika chache, sasa hakuweza kumwondoa hata marehemu mmoja. Aliwapanga tu, nani baada ya nani, kama directeur yeyote anavyopanga. Wa kwanza kutoka alikuwa Junior na redio yake. Aline alikuwa karibu na mwisho.

Watu wengi walimshauri auonyeshe hapohapo kambini, bure. Alikasirika. “Hapa kila mutu iko na wake,” alisema. “Mi nataka batazame bale hawana.” Alitaka Lilongwe, ukumbi wenye mlango, tiketi na pazia. Mtu akilipa, alisema, anakaa anatazama. Wa bure anatazama saa. Basi Solange akashona pazia kwa mashuka. Chabani, mfanyabiashara wa sabuni aliyetoka Kindu na mwenye sauti ya kuita soko zima, akajitolea kusimama mlangoni. Ukumbi ulipatikana Old Town ya mji huo, nyuma ya maduka ya jumla, wa Jumamosi moja, kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja jioni. Matangazo yakabandikwa stendi ya mabasi na sokoni. Barua za mwaliko zikaenda kwa wakubwa: maofisini, redioni, kwenye balozi. Kibali cha kutoka kambini kilipatikana kupitia yule yule bwana wa usafi, pamoja na ahadi yake mwenyewe kwamba atakuja kutazama.

Lori la mahindi lilikubali kuwabeba wachezaji. Wenye marehemu wao hawakutoshea. Walikuja asubuhi kulisindikiza, wamejifunga vitenge safi kama wanaokwenda wao. Antoinette alimpa Solange beseni la mandazi aliyoyakaanga alfajiri, kisha akasimama chini ya dirisha la mbele, upande alipokaa Wilondja. “Papa Junior,” akamwambia, “mi kule sitafika. Lakini yeye afike. Abo batu bamuone hata mara moja.”

“Watamwona, Mama Aline,” Wilondja akasema.

Saa saba ilifika, na ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka mpaka nyuma, na juu yake hakuna mtu. Jamani. Nje pale Old Town ilikuwa imefurika, watu wananunua malapa, ndoo, simenti, kabaza, zile baiskeli za abiria, zinapita na kengele zao, na si mmoja aliyegeuza shingo. Chabani aliita mpaka sauti ikakauka. Alipoona mambo hayaendi akaanza kuwaambia wapita njia kwamba ndani kuna vichekesho vya kuvunja mbavu, na Wilondja akatoka mbio kumkomesha. Walioingia ni jamaa wawili wa Kindu wenye duka, kwa sababu walimwonea Chabani haya. Akaingia sista mmoja mzee. Akaingia mtu aliyekimbia jua, akalala kabla ya kukaa vizuri.

“Tuanze,” Solange akasema.

“Bakubwa banachelewaka,” Wilondja akajibu. “Tungojee.”

Wakangojea. Safu ya mbele aliwawekea wao, viti vyenye kitambaa. Saa nane ikapita. Kila gari lililopunguza mwendo nje alilichungulia mlangoni, huku amevaa koti la kuazima, na kila gari likapita. Ofisi hazikuja. Redio haikuja. Balozi hazikutuma hata dereva. Hawa ni watu ambao kipindupindu kikitajwa wanafika na kamera mapema kuliko wagonjwa. Ilikaribia saa tisa alipofika bwana wa usafi, peke yake, na Wilondja akaamuru pazia lifunguliwe.

Junior akatoka na redio yake, akagombana nayo, akasema jina lake, akakaa. Wakatoka wengine. Na ulikuwa mchezo hasa, msinibishie. Sista alishika mdomo wake kwa mikono miwili na hakuiondoa. Wale wa Kindu, walioingia kwa haya, waliacha kunong'ona. Hata yule wa jua aliamka, akasogea kiti cha mbele. Lakini bwana wa usafi aliinuka kabla ya nusu, akaja kando ya jukwaa alipokuwa Wilondja, akamnong'oneza kwa upole, upole ule wa kukuuma, kwamba ni kazi nzuri sana, inagusa, ila ni ndefu. Je, wanaweza kuutengeneza wa dakika ishirini kwa sikukuu ya wakimbizi? Na bila hawa marehemu wote, labda, kwa sababu itakuwa siku ya furaha. Kisha akauliza kama mwishoni kuna mahali pa kuingiza kunawa mikono. Wilondja akageuka, akamwashiria mchezaji anayefuata atoke. Yule bwana akatazama saa yake, akaondoka.

Saa kumi na moja mwenye ukumbi aliingia. “Pepani, bambo,” akaomba radhi kwa Chichewa, akagonga saa ya mkononi. Nyuma yake walikuwa watu wa harusi, wamebeba maputo na spika kubwa. Wilondja alimwomba nusu saa. Alimwomba kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Chichewa chake cha sokoni. Aliomba dakika kumi, yeye ambaye hakuwahi kuomba. Bado kulikuwa na watu wengi nyuma ya pazia, kila mmoja amevaa, ameshika jembe lake, kinu chake, kitabu chake. Mwenye ukumbi hakuwa mkali hata kidogo. Alikwenda ukutani akazima taa za jukwaa, wachezaji waliokwisha kukaa wakabaki gizani, na macho yao hayakupata nafasi ya kumtazama mtu.

Kwenye korido harusi ilikuwa imekwisha ingia. Bibi mmoja mwenye kofia kubwa alimkuta Solange amesimama na beseni, akamwuliza mandazi bei gani. Ndani spika ikajaribiwa: perekani, perekani, yaani toeni, toeni. Watu wakajaa mlangoni wakisukumana, na noti zikiwa tayari mikononi za kumwagia maharusi, na vile viti vilivyomshinda Wilondja siku nzima vikaisha mara moja.

Njia yote ya kurudi alikaa mbele na dereva na alisema. Alisema juu ya wakubwa, na juu ya mwenye ukumbi, na juu ya Lilongwe nzima, mji wa kununua ndoo. Alisema juu ya shirika na sabuni yake. Alimsema bibi wa kofia. Dereva, Mchewa mtaratibu ambaye hakuelewa hata neno moja, aliitikia “eya, eya” kwa heshima. Na Wilondja alikuwa na haki, nani atasema hakuwa na haki? Nyuma ya lori wachezaji walikaa bado wamevaa nguo za wale waliowaigiza.

Akina mama walikuwa barabarani, mahali lori linaposimama, na vitenge vyao vya asubuhi. Walikuwa wamengoja mpaka jua likazama. Hakuna aliyeuliza kama ukumbi ulijaa. Hakuna aliyeuliza habari ya tiketi. Wilondja alishuka akiwa na maneno yake yote tayari, akaanza, “Bamama, munisikie, abo batu ba Lilongwe—”

“Wangu alitoka?” mmoja akauliza.

“Alitoka.”

“Na wangu?”

Walikuja mmoja mmoja. Aliyejibiwa ndiyo alishika kifua, akamshukuru, akarudi kando. Aliyejibiwa hapana alisimama pale pale, hakujua aende wapi. Antoinette alikuja wa mwisho, kwa sababu hakuwa mtu wa kusukumana.

“Aline alitoka, Papa Junior?”

Wilondja akamweleza. Akamweleza habari ya wakubwa ambao hawakuja, na jinsi alivyowangojea, na taa, na maputo. Alieleza kwa hasira na hasira ikampandisha sauti. Antoinette alisikiliza yote mpaka mwisho bila kumkatiza.

“Ulingojea bakubwa,” akasema.

“Mama Aline, wale watu—”

“Na Junior? Alitoka?”

Wilondja akavua koti la kuazima, akalikunja mkononi.

“Alitoka,” akasema.

“Alikuwa wa ngapi?”

Kila mama pale alikuwa ametazama mazoezi, alijua ni wa kwanza. Antoinette alichukua beseni mikononi mwa Solange, akaligeukia lile kundi la wale ambao marehemu wao hawakutoka.

“Wake alitoka,” akawaambia. “Twendeni nyumbani.”