Pasi Iliyofika Muheza Kabla Yangu

Nilipoolewa, nikatolewa Pangani kuja kukaa Ngamiani, Tanga mjini, mjomba wangu alinitunza pasi ya mkaa. Ilikuwa mpya, ina kijogoo cha shaba penye komeo la mfuniko, na haikupita wiki mtaa mzima ukamjua yule jogoo.

Mama alikuwa amenionya nisiende kwa watu na mkono wa birika. Basi nikatoa. Aliyepiga hodi nilimpa pasi, nikampa na mkaa wa kuanzia, na siku nyingine moto wenyewe nilimpulizia mimi. Jirani yangu wa mkono wa kulia, mama wa makamo aliyeuza maandazi, alishaacha kuomba. Aliingia, akachukua, akanisalimia wakati wa kutoka. "Chukua tu, dada," nilimwambia, huku moyoni namtukana.

Ijumaa moja mume wangu, karani wa bandarini, alirudi adhuhuri kubadili nguo aende msikitini. Kanzu yake ilikuwa imejikunja vilevile ilivyotoka kwenye kamba.

"Pasi iko wapi?"

Nikakimbilia kwa jirani.

"Pasi?" alisema, akigeuza andazi kwenye mafuta. "Nimempa binamu yangu. Kaenda nayo Muheza, kuna harusi. Jumatatu atakuwa amerudi."

Mimi mwenyewe Muheza nilikuwa sijafika.

Mume wangu akaswali na kanzu ile ile. Aliporudi aliniambia mzee mmoja wa safu ya nyuma alimuuliza kwa upole kama nyumbani kuna mgonjwa. "Mke wangu," akasema, "wema wako nauvaa mimi."

Maneno yale yalinichoma. Pasi iliporudi, jogoo hana mkia, niliapa kuwa mkali. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, nikakunja uso mpaka nikajiogopa.

Alasiri ile ile, hodi. Mlangoni amesimama bibi mmoja aliyekaa peke yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi sikumwona yeye, niliona kitambaa cheupe mkononi mwake, kimekunjamana. Hata shikamoo sikutoa.

"Pasi haitoki!" nikafoka. "Hapa si kwa dobi! Mmeniona mjinga!"

Bibi alinitazama, kisha akafunua kitambaa na kuchungulia chini yake, kama mtu anayehakikisha alichobeba.

"Ni mkate wa kumimina, mwanangu. Nilisema nikuonjeshe. Sasa nirudi nao?"

Kichwa cha muuza maandazi kilikuwa kimeshatokeza dirishani. Habari zilipofika bombani kwa wachota maji, nilikuwa nimempiga bibi wa watu kwa pasi ya moto.

Siku tatu hakuna aliyepiga hodi. Nilinyoosha kila kitu, hata matambara ya kushikia sufuria. Mume wangu alimeremeta, lakini salamu zake mtaani zilijibiwa kwa mkato.

Siku ya nne nikaenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na pasi?" akauliza, akijikinga kichwa kwa mikono miwili.

Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikamwomba radhi. Hakunipa mawaidha yoyote. Alinipa rundo la kanga na shuka. "Zinyooshe basi, yaishe." Nilipiga pasi mpaka mgongo ukauma.

Keshokutwa yake muuza maandazi aliingia kama desturi yake, moja kwa moja hadi penye pasi. Safari hii uso sikuukunja.

"Leo hapana, dada. Nanyoosha nguo za kazini za mume wangu. Njoo kesho asubuhi, na upigie hapa hapa barazani. Mkaa uje nao."

Nikasubiri matusi.

"Haya," akasema. "Saa ngapi?"

Kumbe ndiyo hiyo tu! Miezi yote ile nilikuwa naliogopa neno ambalo mwenzangu alilipokea kama salamu.

"Saa mbili," nikamwambia.

Alikuja saa moja, na mkaa wake, maandazi manne, na kapu la nguo za ukoo mzima. Nikamwambia mwisho saa tatu. Akaniita mchoyo, akacheka, akapiga pasi upesi upesi. Ilipofika saa tatu nikaichukua pasi mikononi mwake, nikamsaidia kukunja zilizobaki.