Siku Niliyokuwa Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe wa Mahari

Kuna watu wazima wa Bungoma, watu wenye watoto na mashamba, ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanalia "mooo" kisha wanaendelea kuchagua nyanya, na mimi huwapungia mkono tu kwa sababu nimeshazoea. Niliwahi kuona haya mpaka nikawa nazunguka njia ya nyuma, lakini njia ya nyuma ina matope. Basi niwaeleze ilivyokuwa, mcheke yaishe.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi mjini Kitale, kijana, mwembamba, na kwa sababu ndimi niliyekuwa mgeni zaidi katika chumba cha walimu nilipewa klabu ya drama ya watoto wadogo (klabu ya mpira ilikuwa na mwenyewe, ya skauti vilevile, na ya muziki ilikuwa na kinanda ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa). Sikujua lolote kuhusu drama. Ila nilikuja kuipenda, lazima niseme ukweli, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Wakati huohuo nilikuwa nataka kuoa. Msichana aliitwa Nafula, nesi katika hospitali ya misheni huko Lugulu, na nyumbani kwao ni nje kidogo ya mji wa Bungoma. Nilikuwa nimeshaenda kujitambulisha, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepanga kukaa mwezi uliofuata wazungumze mahari. Sasa, kwa wale ambao si wa kwetu, sisi Wabukusu mama mkwe hatumkaribii. Humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anapisha pembeni. Siku ile ya kujitambulisha mama yake Nafula alinisalimia akiwa jikoni, nyuma ya ukuta, nami nikamjibu nikiwa sebuleni naangalia kalenda, tukaongea vizuri sana juu ya mvua na mahindi bila kuonana hata kidogo. Kwa hiyo mimi nilimjua sauti, na yeye akanijua sauti. Hilo mlikumbuke.

Basi shule moja ya Bungoma ikatualika Jumamosi, siku ya klabu za watoto wa madarasa ya chini. Sisi tulikuwa na mchezo wa kuigiza niliotunga mwenyewe, kuhusu baba mkwe anayekataa kila ng'ombe wa mahari anayeletewa. Ng'ombe wetu alikuwa wa mablanketi mawili ya kahawia niliyoyashona pamoja usiku mwingi, kichwa cha katoni ya sabuni, mkia wa katani, na ndani yake watoto wawili, Barasa mbele kwa kuwa ndiye aliyekuwa na matundu ya kuonea, na Kevo nyuma, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kiuno cha Barasa na kutembea. Na kwa kuwa ndani ya katoni Barasa hakusikia vizuri, nilikuwa nimewafundisha ishara moja: ukisukumwa mgongoni, ondoka.

Wenyeji walitupokea kwa chai na mandazi, halafu miwa, na Kevo hakukataa kitu. Tulipokuwa nyuma ya ukumbi tukingoja zamu yetu akanivuta shati.

"Mwalimu, tumbo."

"Tumbo gani?"

"Tumbo yote."

Akakimbia chooni na hakurudi. Mwalimu mkuu wetu, Madam Mwende, mtu wa Ukambani, mama asiyependa kupoteza wakati, akaniambia, "Si waseme tu ng'ombe yuko nje, amefungwa? Watu wataelewa." Na kweli wangeelewa. Lakini mimi nilikuwa nimemshona yule ng'ombe kwa mikono yangu, sindano imenichoma mpaka vidole vikavimba, nikaona haiwezekani atoke Kitale mpaka Bungoma kisha asionekane. Nikasema, "Nitaingia mimi." Maneno mawili tu hayo, na sikulazimishwa na mtu.

Tulipoingia ukumbi mzima ulipiga makofi, kwa sababu ng'ombe alikuwa amenyanyuka nyuma kama anayeteremka mlima kutoka Cheptais, na kwato zake za nyuma zilikuwa viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi vizuri. Mimi sikuona chochote isipokuwa soksi za Barasa. Nekesa, msichana wa darasa la tatu aliyebandikwa ndevu za pamba awe baba mkwe, akasema maneno yake, "Ng'ombe huyu amekonda!" na upande wa bwana harusi ulipaswa kujibu.

Ila waliojibu walikuwa wazee wa Bungoma. Unajua mzee wa kwetu akisikia mahari inazungumzwa hawezi kukaa kimya, hata wazungumzaji wakiwa na ndevu za pamba.

"Kweri kabisa!" mmoja akapaza sauti kutoka kwenye viti. "Hata mimi naona!"

"Amekonda wapi, bana?" mwingine akamjibu. "Angalia nyuma. Nyuma iko na nguvu."

Watu wakacheka, watoto wangu wakasahau maneno, na yule mzee wa kwanza akainuka na fimbo yake akaja mpaka mbele kumkagua ng'ombe jinsi wanavyokagua mnadani. Akainua mkia. Akabonyeza paja. Nikavumilia. Halafu akanitia vidole mbavuni akisema, "Hii mbavu, hapana, hii si ya kuzaa," na mimi (hili Nafula pekee ndiye aliyelijua) mbavuni siguswi, natekenyeka vibaya. Nikaruka. Kichwa changu kikampiga Barasa mgongoni, na Barasa, mtoto mtiifu kabisa, akajua ndiyo ishara, akaondoka. Tatizo ni kwamba katoni ilikuwa imegeuka, matundu yako upande wa sikio, kwa hiyo badala ya kwenda mlangoni akaenda moja kwa moja kwenye viti vya wageni wa mstari wa mbele, nami nyuma yake nimeshika kiuno kama ilivyo kazi ya miguu ya nyuma.

Barasa alijikwaa akabingirika kando. Mimi nikaenda mbele nikaangukia mapajani mwa mtu, kiti kikapinduka, na blanketi likatufunika sote wawili. Giza. Harufu ya sabuni na leso iliyopigwa pasi. Nikajua ni mama mtu mzima, na kwa kuwa nimelelewa vizuri nikasema, "Pole sana mama, samahani, nimekuumiza?"

"Hiyo sauti," yule mama akasema polepole. "Hiyo sauti naijua."

Na mimi yake niliijua. Mvua na mahindi. Alikuwa amekuja kumtazama mjukuu wake akiimba kwaya, na sasa tuko chini ya blanketi moja, mimi na mama mkwe wangu, mbele ya nusu ya Bungoma.

Alipiga ukemi ambao nadhani ulifika stesheni ya reli. Madam Mwende akaja mbio akalivuta blanketi, akanikuta chini nimefumba macho, na mama amejifunika leso uso mzima. "Mwalimu! Msaidie mama ainuke, mpe mkono!" Nikaweka mikono nyuma. "Mpe mkono, unaringa nini?" Watu wasio wa kwetu wakaanza kuninung'unikia kwa kukosa adabu, na wale wanaojua, wazee wale wawili wakiwa wa kwanza, walikuwa wameshikana mabega wakilia kwa kicheko. Madam akaushika mkono wangu kwa nguvu auvute kwenye mkono wa mama. Hapo nikakimbia. Nilitoka ukumbini na mkia wa katani ukiwa bado umening'inia kwenye mshipi, nikapita katikati ya kwaya.

Jioni hiyo, kusema kweli, niliogopa. Aibu ya watu niliiona ni jambo dogo. Niliogopa kumkosa Nafula. Alinipigia simu kesho yake.

"Simiyu," akaniuliza, "ulikuwa unatafuta nini ndani ya ng'ombe?"

"Mama anasemaje?" nikamuuliza.

"Mama hasemi. Wazee ndio wamesikia. Wanasema watasema siku yenyewe."

Shangazi yangu akaamua lazima nimpelekee mama zawadi ya kuondoa ile aibu, na zawadi yenyewe ni blanketi jipya. Nilimwomba iwe kitu kingine, sufuria, kanga, chochote ambacho si blanketi. Blanketi likapelekwa, likapokelewa bila neno lolote kurudi, na mimi nikakaa wiki hizo nikifundisha kujumlisha huku moyo hauko darasani.

Siku ya mahari ikafika. Tukakaa sebuleni, ileile yenye kalenda, wazee wetu upande huu na wao upande ule. Baada ya sala mzee wao akasimama, akakohoa, na nani huyo kama si yule wa fimbo, aliyenitia vidole mbavuni. Kumbe ni kaka mkubwa wa baba yake Nafula.

"Kabla hatujaanza," akasema, "iko ng'ombe moja ilitangulia. Ilikuja peke yake, haikufungwa kamba, ikalala kwa mwenye nyumba. Sasa nauliza wageni wetu, hiyo tuihesabu, ama tusihesabu?"

Mimi niliangalia kalenda. Ndipo kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, nikasikia mtu akijizuia kucheka, anashindwa, anajizuia tena, halafu akaachilia kabisa, na sauti hiyo naijua.

"Ihesabuni!" mama akasema. "Ila mbavu yake ni dhaifu."

Nafula sasa ni mke wangu, na klabu ya drama bado ni yangu, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Tunaigiza harusi, tunaigiza mahari, tunaigiza hata mnada wenyewe. Ila katika michezo yangu yote, mkija mtasikia mtoto akiingia na kusema vizuri, kwa sauti ya kufika nyuma: ng'ombe yuko nje, amefungwa.