Cheche za Ng'ombe

Hakimu wa mahakama ya mwanzo pale Bariadi hakuwa mtu wa kulikurupukia neno. Nyanjige alimtazama kutoka kizimbani: mama mnene, miwani imefungwa uzi, kidole cha kushoto amekigandamiza kwenye neno moja la sheria ndogo, cha kulia kinarudi nyuma taratibu kama cha mtu anayechambua pamba. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, vituo vya pamba vilifurika, na sheria ilikataza kuingiza humo “magari, matrekta, pikipiki na vyombo vingine.” Nyanjige aliingiza mkokoteni wa ng'ombe. Mgambo aliyemkamata alitaka ng'ombe hao wataifishwe. “Ng'ombe mgeni utamjua kwa kundi analotembea nalo,” hakimu alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kubembelezea mtoto. “Hivi vilivyotajwa vyote vina injini. Madiwani waliotunga sheria hii waliogopa nini?” Mgambo akajikuna. “Moto, mheshimiwa. Pamba iliwahi kuungua kwa cheche za lori.”

Hakimu akanyanyuka, akatoka nje, mahakama nzima nyuma yake, mpaka kwenye mkokoteni uliowekwa kizibiti na pamba yake juu. Akaweka kiganja puani mwa ng'ombe mmoja, akangoja apumue. “Joto lipo. Cheche sizioni. Waachieni.” Vigelegele vikapaa. Mahona, shemeji wa Nyanjige, akarukia juu ya pamba, akawasha sigara kwa furaha. “Mayu,” hakimu alimwita Nyanjige, yaani mama, akifuta miwani kwa pindo la kitenge, “huyo shemeji yako sheria haikumtaja. Lakini ndiye waliyemwogopa.”